Mama Lameck Kagoma Kushuka

"Lifti au ngazi?" binti wa tiketi aliuliza bila kuinua macho.

"Kuna tofauti gani?" Marieta akauliza.

"Lifti bei kamili, ngazi nusu yake. Juu ni kule kule."

Marieta alimgeukia Gidahosh. Mwanaume wa watu alikuwa amesimama nyuma yake, shingo imepinda, anautazama mnara unavyopanda mpaka mawinguni.

"Baba Glory, umesikia? Juu ni kule kule."

"Nimesikia."

"Magoti yako yanasemaje?"

"Magoti yamezoea kufuata ng'ombe. Hayana neno. Muulize huyo binti kama kule juu kuna upepo."

"Upepo upo, mzee," binti alijibu, sasa akitabasamu. "Lakini pembeni kuna vyuma. Hakuna aliyewahi kudondoka."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi tupe za ngazi," Marieta alisema haraka, kabla mwenzake hajapata swali lingine.

Mlangoni mlinzi aliwasimamisha. "Mzee, fimbo inabaki hapa. Na wewe mama, hicho kikapu kina nini?"

"Viazi vya kuchemsha."

"Chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Juu kuna mgahawa."

"Mwanangu, mgahawa wako unauza soda kwa bei ya jogoo. Sisi tumekuja kuona mji, njaa tumeiacha Mbulu." Marieta alitoa viazi viwili akampa. "Hivi vyako. Nitunzie vilivyobaki."

Mlinzi alicheka, akakipokea kikapu. Fimbo akaiegemeza ukutani. Gidahosh aliiangalia kama mtu anayemwacha ndugu yake kituoni, akaanza kupanda, mikono haijui ikae wapi.

Marieta alikuwa mjane wa Endagikot, kule Mbulu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika mpaka shamba la jirani. Mumewe alikuwa amefariki zamani kidogo, akamwachia mtoto mmoja, Lameck, ambaye sasa alifanya kazi Arusha, na shamba zuri kando ya mto. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguka. Wanunuzi walikuwa wanakuja na malori yao ya fuso mpaka vijijini, vitunguu swaumu vya Mbulu vinagombaniwa, na Manyara ilikuwa bado mkoa mpya ambao watu waliutaja kwa fahari. Shamba lile la mtoni, ambalo zamani hakuna aliyeligeukia mara mbili, ghafla likawa na macho mengi juu yake.

Gidahosh alikuwa Mbarabaig wa Gehandu, kule Hanang, mfugaji na muuzaji wa ng'ombe minadani. Naye alikuwa amefiwa na mke, binti yake Glory ameshaolewa Katesh. Alibatizwa ukubwani akapewa jina la Yosefu, lakini mtu wa kumwita Yosefu alikuwa padri peke yake. Walikutana mnadani, Marieta alipokwenda kununua ng'ombe wa maziwa. Gidahosh alimuuzia, kisha akasema ng'ombe wa tambarare akipelekwa kwenye baridi ya Mbulu ataugua, hivyo itabidi aje kumwangalia. Ng'ombe yule hakuugua hata siku moja. Gidahosh alikuja kumwangalia mwaka mzima.

Siku moja, akiwa amesimama zizini na kikombe cha chai mkononi, alisema bila kuzunguka:

"Mama Lameck, mimi nakuja hapa kwa ajili yako. Ng'ombe ni mzima."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipomwangalia meno wakati unasema ana shida ya kwato."

"Basi nataka kukuoa. Kanisani, mbele ya watu."

Marieta alitaka kuitika pale pale, lakini mdomo ukasema, "Nipe muda." Na muda ukaenda. Palilio likapita, mavuno yakaja, jibu halijatoka. Sababu aliificha kifuani. Tangu Pasaka ya mwaka uliopita, shemeji yake Sulle, mdogo wa marehemu, alikuwa amemwambia kwa uso mkavu, akimtaja Gidahosh kwa jina la dharau wanaloitwa Wabarabaig: "Nimeongea na Lameck kwa simu. Kasema ukiolewa na yule Mmang'ati, hatakanyaga tena nyumbani kwako. Na kasema usimpigie kumbembeleza, ndio utamkasirisha zaidi."

Mtoto mwenyewe ni mmoja. Marieta angeanzia wapi?

Safari ya Arusha ilikuja kwa bahati. Mnunuzi mmoja aliyeitwa Hermani alikuwa anapeleka mzigo mjini, akawaruhusu wenye vitunguu kupanda juu ya magunia bure. Marieta aliposema hajawahi kuufikia ule mnara ambao watu wanaupanda kuangalia mji, Gidahosh alisema, "Twende." Wakaja wote, wananuka swaumu, wakalala hosteli ya parokia, Marieta upande wa wanawake, Gidahosh upande wa wanaume. Asubuhi wakala viazi wakiwa wamekaa ukutani, wakashushia na chai ya chupa waliyotoka nayo hosteli.

Na sasa walikuwa kwenye ngazi.

"Pumzika kidogo," Marieta alisema, akihema.

"Sijachoka."

"Mimi nimechoka. Mbona umeshika ukuta?"

"Naujaribu kama ni imara."

"Baba Glory, unaogopa?"

"Twende juu, Mama Lameck. Ukiniuliza maswali nitarudi."

Walifika. Mlango ulifunguka, upepo ukawapiga, na Marieta akasahau uchovu wote. Alikimbia, hakika alikimbia kama msichana, mpaka kwenye vyuma.

"Yesu wangu! Njoo uone! Meru ule pale, umevaa wingu kama kilemba! Na kule ni soko, ona miavuli! Magari kama kunguni! Baba Glory, ona watu walivyo wadogo!"

Hakujibiwa. Aligeuka. Gidahosh alikuwa ameshikilia nguzo iliyo karibu na mlango kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

"Haya ni mambo gani?"

"Niambie tu unavyoona. Nakusikiliza."

"Wewe si ndiye uliyekaa porini na fisi?"

"Fisi yuko chini."

Marieta alicheka mpaka akashika mbavu. Watalii wawili Wazungu na familia moja ya Kihindi waligeuka kumtazama. Hakujali. Alimsogelea, akamsimulia mji mzima kuanzia mlima mpaka stendi ya mabasi, naye akasikiliza, macho yamefumbwa, anatabasamu kidogo.

"Na Hanang inaonekana?" Gidahosh aliuliza.

"Hapana. Iko nyuma ya milima ile."

"Afadhali. Isije ikaniona hivi."

Simu ya Marieta ikalia ndani ya kanga. Aliitoa, akaangalia jina, na kicheko kikakatika. Alikuwa Lameck.

"Haloo?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Uko wapi?"

"Niko... niko shambani."

"Shamba gani lina honi za magari?"

Marieta aliifunika simu kwa kanga.

"Mama, baba mdogo Sulle kanipigia sasa hivi. Kasema umeonekana juu ya fuso ya vitunguu na mwanaume. Kasema mko Arusha. Ni kweli?"

Angeweza kudanganya tena. Alimtazama Gidahosh aliyekumbatia nguzo kwa ajili yake, akaona aibu.

"Ni kweli."

"Mko wapi?"

"Niko juu ya mnara."

"Mnara upi?"

"Ule wako."

Lameck alielewa. Mwaka alioanza kazi mjini alimpigia mama yake akasema, nikipata mshahara wa kwanza nakuleta, mama, nakupandisha kwenye mnara uone Arusha yote kwa mpigo. Mshahara wa kwanza ukaja, wa pili ukaja, mama akabaki Endagikot.

"Shuka," Lameck alisema, sauti imebadilika. "Nakuja. Unisubiri pale chini." Akakata.

"Ni mtoto?" Gidahosh aliuliza.

"Ni mtoto."

"Amekasirika?"

"Sana."

"Tushuke, basi."

Marieta alirudi kwenye vyuma, akatazama chini. Kisha akafunga kanga vizuri kiunoni. "Hapana. Sishuki."

Haikupita muda mrefu, akamwona. Kijana mwenye shati la bluu, vumbi la saruji mpaka kwenye nywele, anavuka barabara bila kuangalia magari. Alikuwa mdogo kama punje, lakini mama humjua mwanawe kwa mwendo. Simu ikalia.

"Mama, niko chini. Shuka."

"Nakuona. Usivuke barabara namna ile tena."

"Mama, shuka tuongee."

"Nikishuka hawaniruhusu kupanda tena. Tiketi ni ya mara moja, na upande wa kule sijauangalia."

"Mama! Mimi nimetoroka kazini!"

"Mimi nimetoka Mbulu juu ya magunia. Nani kachoka zaidi?"

"Mama, watu wananiangalia, napunga mikono kama kichaa."

"Hata mimi nakuangalia. Umekonda, Lameck. Unakula nini huko?"

"Usibadilishe maneno! Huyo mwanaume yuko wapi? Ninamtaka..."

Simu ikakatika. Marieta alimwona akiitikisa, akiigonga kiganjani, kisha akiinua macho juu na kuachia mikono. Salio lilikuwa limekwisha.

Lameck aliitia simu mfukoni. Kisha akaelekea dirisha la tiketi.

"Anapanda," Marieta alisema.

"Kwa lifti?" Gidahosh aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Huyo ni mtoto wangu. Kwa ngazi."

Lameck alitokea mlangoni akihema kama mvukuto. Alikuwa kijana mrefu, uso wa marehemu baba yake mtupu. Alimtazama mama yake, kisha mzee aliyeshika nguzo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Kwa Gidahosh hakusema kitu. Kimya kile kilimchoma Marieta kuliko tusi. Mtoto wa Endagikot kumpita mtu mzima bila shikamoo! Gidahosh alisogea upande wa pili wa nguzo bila kuiachia, kuwapa nafasi.

"Kwa hiyo ni kweli," Lameck alianza.

"Kweli nini? Sema vizuri, tuelewane."

"Unauza shamba la baba umfuate huyu."

Marieta alishtuka. "Ninauza nini?"

"Shamba, mama! La mtoni! Baba mdogo kaniambia tangu Pasaka ya mwaka jana kwamba umeshapata mnunuzi. Kaniambia umesema nisije nyumbani mpaka liuzwe, nitaleta vurugu. Ndiyo maana Krismasi sikuja. Nililala chumbani kwangu siku nzima, wenzangu wanakula pilau, mimi nafikiria mama yangu hataki kuniona!"

Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka, akayafuta kwa kiganja cha saruji, uso ukapakaa.

"Lameck," mama yake alisema taratibu, "Krismasi nilikupikia. Nilichinja jogoo. Nikasubiri mpaka jua likazama, nikawagawia majirani."

"Sasa mbona hukunipigia?"

"Niliambiwa nisikupigie. Niliambiwa wewe umesema nikiolewa hutakanyaga tena kwangu."

"Mimi?"

"Wewe."

"Nilimwambia nani?"

"Baba yako mdogo."

Wakatazamana. Upepo ulivuma. Mtoto wa ile familia ya Kihindi alipita akikimbia, mama yake akamvuta.

"Mama, mimi sijawahi kusema maneno hayo. Naapa kwa kaburi la baba."

"Na mimi sijawahi kulitafutia shamba mnunuzi. Litauzwaje na wewe uko hai?"

Lameck alitoa mfukoni vocha aliyoinunua karibu na dirisha la tiketi, akaikwangua kwa kucha, akaiingiza, kisha akatafuta namba ya Sulle. "Njoo hapa, mama. Weka sikio."

Waliegemeza vichwa, sikio kwa sikio, simu ndogo katikati. Upande wa pili ukaita, ukapokelewa.

"Umempata?" ilikuwa sauti ya Sulle, na hata salamu hakungoja.

"Shikamoo baba mdogo. Bado. Nikimpata nimwambie nini?"

"Mwambie wewe hukubali, ukoo haukubali. Akibisha, mwambie hutakanyaga kwake tena."

"Lakini mimi sijasema hivyo."

"Sema sasa! Mimi nilishamwambia umesema, tangu Pasaka. Usiniangushe, kijana."

Lameck alifumba macho. Marieta alimshika bega.

"Na shamba, baba mdogo? Huyo mnunuzi ni nani?"

"Mnunuzi, mnunuzi... Wewe unang'ang'ania mnunuzi wa nini? Mama yako akiolewa shamba litabaki peke yake. Wewe ni mtu wa mjini, utalilima na nini? Niachie mimi. Kila mavuno nitakutumia chochote. Muhimu asiwepo wa kuuliza uliza."

Marieta aliichukua simu mkononi mwa mwanawe.

"Shemeji Sulle."

"Nani huyo?"

"Mke wa kaka yako. Nimekusikia vizuri, huku juu mtandao ni safi. Jumapili baada ya misa nakuita nyumbani. Uje na wazee unaowataka."

Sulle alianza kusema "shemeji hebu sikia", lakini simu ilishakatwa.

Kisha Lameck akamkumbatia mama yake kama alivyokuwa akifanya zamani akitoka shule, akalia waziwazi, na saruji yake yote ikahamia kwenye kanga.

"Nisamehe, mama. Nimekutuhumu."

"Na mimi nilikuamini kuwa umenikataa. Tumedanganywa wote. Acha kulia, watalii wanapiga picha."

Lameck alicheka huku anafuta kamasi. Halafu akamgeukia Gidahosh, ambaye muda wote ule hakuwa amefungua mdomo wala macho.

"Mzee, mbona umefumba macho?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Hapa. Mimi ni mtu wa tambarare. Tangu nimefika juu sijaona kitu."

"Sasa ulipanda ya nini?"

"Mama yako alitaka kuona."

Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lameck alikuwa amepanda ngazi zile na maneno mengi mdomoni, ya kumuuliza huyu mwanaume anataka nini kwa mama yake, ana nini, ni nani. Hakuna hata moja lililobaki na nguvu. Yeye mwenyewe miaka yote ile alipita chini ya mnara huu kila siku, na hakumleta mama yake. Mtu baki, anayeogopa, ndiye aliyemleta.

Aliinamisha kichwa. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nishike mkono, twende kwenye vyuma. Mimi nitakushika."

"Hapana, hapa panatosha."

Marieta alikuja mbele yake. "Gidahosh," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo, kwa jina tupu. "Mwaka mzima unasubiri jibu. Nilichelewa kwa sababu niliambiwa nitampoteza mtoto. Sasa mtoto huyu hapa. Lakini sitakujibu wakati umefumba macho. Mtu akijibiwa jambo kama hili aone anajibiwa na nani."

Gidahosh alivuta pumzi. Alifungua jicho moja, kisha la pili. Jasho lilimtiririka.

"Nimefungua."

"Unaona nini?"

"Nakuona wewe. Kwingine sithubutu."

"Basi nimekubali."

"Marieta," alisema. Aliachia nguzo kwa mara ya kwanza tangu afike, akamshika mkono.

Lameck alikohoa. "Mimi nitaangalia huko upande wa soko," akasema, akaondoka na tabasamu lake.

Jumapili ile uwanja wa Marieta ulijaa. Sulle alikuja na wazee wawili wa ukoo na koti lake la sikukuu. Alikaa amejikunja, hamtazami mtu. Marieta aliweka togwa, akasubiri kila mtu anywe, ndipo akasema:

"Wazee wangu, shikamooni. Sina maneno mengi. Nimeposwa na mtu wa Gehandu, nimekubali. Lameck aseme lake."

Lameck alisimama. "Wazee, mimi nabeba saruji mjini. Nilibaki kule kwa sababu niliambiwa nyumbani hakuna changu. Sasa najua. Narudi. Shamba la mtoni nitalilima mimi, na mama atavuna hapo mpaka siku atakayochoka mwenyewe."

Mzee mmoja aliuliza, "Nani alikuambia hakuna chako?"

Lameck alimtazama baba yake mdogo. Angeweza kumwanika pale pale. Sulle aliinua uso, akaona kijana anamngoja yeye aseme, akaona pia kwamba hawezi kukwepa.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Niliona vitunguu vinavyolipa, roho ikanituma vibaya. Kumwita yule mtu majina ya dharau pia ni mimi."

Wazee walinong'ona kwa muda. Wakamtoza kondoo, wakasema ampeleke mwenyewe kwa miguu mpaka Gehandu, akaombe radhi kwa Gidahosh mbele ya watu wake. Sulle alikwenda. Aliondoka asubuhi, akalala kwa watu njiani, na aliporudi hakusimulia kitu, ila mkewe alisema alirudi na kibuyu cha maziwa ya mgando alichopewa na Gidahosh.

Harusi ilifungwa Endagikot baada ya mavuno. Ilikuwa ya kawaida tu. Gauni la Marieta lilitoka mitumba ya Mbulu mjini, likapunguzwa kiunoni na jirani yake Imakulata. Keki haikuwepo, nyama ilikuwepo. Watu wa Gehandu walipanda kutoka tambarare na mashuka yao na baridi ikawashika, wakasogea karibu na moto wa jikoni, wanawake wa Endagikot wakawacheka na kuwapa makoti. Padri alipouliza kama Marieta anakuja kwa hiari yake, aliitika "Ndiyo!" kabla swali halijaisha, kanisa zima likapasuka kwa kicheko, na padri akamwambia, "Mama, ngoja nimalize basi."

Glory alimtafuta Marieta wakati wa chakula, akapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba binti yangu. Inuka, utachafua gauni."

"Baba hajacheka hivi tangu mama afariki. Nilitaka ulijue hilo."

Marieta alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamketisha kando yake.

Saa ya kuondoka ikafika. Pikapu ya kukodi ilikuwa imeshapakia sanduku, godoro na yule ng'ombe, ambaye anarudi kwao kwa heshima zote. Lameck alisimama karibu na mlango wa gari, mikono mifukoni, anajaribu kuonekana mwanaume.

"Utakula nini jioni?" mama yake alimuuliza.

"Nitapika."

"Unajua kupika nini wewe?"

"Ugali. Na nitaenda kwa baba mdogo. Kanialika."

Marieta aligeuka akamtafuta Sulle kwenye umati. Alikuwa nyuma kabisa, kofia mkononi. Aliinamisha kichwa kidogo. Marieta naye akainamisha chake.

Gari liliteremka. Njia nzima Gidahosh alikuwa anaonyesha kwa kidole: pale tunanyweshea, pale shangazi yangu anakaa, pale nilipotea nikiwa mtoto. Walipofika Gehandu jua lilikuwa linazama, watoto wakakimbilia gari, ng'ombe akateremshwa, wanawake wakampokea Marieta kwa vigelegele. Simu ikaita katikati ya kelele zile.

"Mama, mmefika?"

"Tumefika."

"Baridi?"

"Hakuna baridi. Huku ni joto, mwanangu, mpaka nimevua sweta. Umekula?"

"Ndiyo nakula. Baba mdogo anakusalimia. Na mzee yuko wapi?"

Marieta alimtafuta kwa macho. Gidahosh alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba, ameushikilia mlango wazi, anamsubiri.

"Yuko mlangoni. Ngoja niingie, nitakupigia kesho."

"Sawa, mama. Ingia."